Mchele Chini ya Ulimi

Kitale, Jumamosi, saa nane mchana

Mwanangu Naliaka,

Mmeenda kanisani wewe na mama yako mkaniachia kuku na hii redio isiyoshika stesheni. Najua wanakuombea safari ya kwenda chuoni, na wataomba mpaka saa kumi, kwa sababu yule mzee wenu akishika maikrofoni haiachi. Kwa hivyo nina muda. Nimekaa mezani na daftari lako la hesabu la kidato cha tatu, zile kurasa za nyuma ambazo hukuziandika kitu, na biro mbili, moja ikigoma nichukue nyingine.

Sitakuandikia habari ya blanketi. Mama yako ameshakuambia habari ya blanketi, ya ndala za kuogea, ya wavulana wa Mbale na ya kufunga sanduku kwa kufuli. Amesema yote, na mengine amesema mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja limenishinda kulitoa mdomoni miaka yote hii, ndiyo maana unaona naandika kama karani.

Wiki nzima tumegombana juu ya njia. Mama yako anasema mtu mwenye akili akitoka Kitale kwenda Mbale hupitia Bungoma na Malaba, lami mpaka mwisho. Mimi nasema Suam. Jana akaniuliza mbele yako, "Barasa, mtoto mwenye kuanguka unataka arushwe na ile barabara ya mawe kwa nini? Suam kuna nini?" Nikaamka nikaenda kuangalia kuku. Uliniona.

Suam kuna dada yangu. Kuna senge yako Nekesa, yule uliyeambiwa kwamba alikuroga.

Hakukuroga. Nataka niliandike hili mapema, kabla sijapata ujanja wa kulizunguka. Ugonjwa wako wa kuanguka haukutoka kwa senge yako. Ulitoka kwangu, na nimelijua hilo kwa miaka sita.

Unajua kwamba zamani niliuza nguruwe kule Bokoli, lakini kazi yenyewe huijui, maana mama yako hakutaka itajwe ndani. Kanisa lao halili nguruwe, na aliponikubali nilikuwa mpakiaji wa mahindi, mtu safi. Biashara ya nguruwe niliianza wewe ukitambaa. Alilia siku mbili, halafu akaweka sheria: nyama ile isivuke mlango wake, sufuria yake isiguse mafuta yale, na mtoto wake asionjeshwe hata kipande. Nikazitii zote. Hujawahi kula nguruwe maishani mwako, mama. Shika hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipojifichia.

Nilizunguka Bokoli na Matulo na baiskeli nikinunua kwa wenye miji. Nguruwe wa kwetu siku hizo hawakufungwa. Walitembea kwenye miwa na nyuma ya nyumba, wakila walichokipata, na pahali ambapo choo kimebomoka walikula hicho pia. Mnunuzi anayejua kazi hanunui kwa macho. Unamlaza mnyama ubavuni, unamweka mti mdomoni asikuume, unashika ulimi kwa kitambaa na kuuvuta nje, halafu unapitisha kidole gumba chini yake. Ukiwa laini, lipa uende. Ukisikia vipunje vigumu, vyeupe ukivitazama, vimelala chini ya ngozi, basi sisi tulisema ana mchele. Nilikuwa na mwenzangu wa Matulo ambaye herufi l ilimshinda tangu kuzaliwa. Akipata vile vipunje alisema kwa sauti ya juu ili mwenye mnyama asikie na akose nguvu ya kubishana: "Barasa, hii iko na mchere bana! Mchere mingi!"

Hapo ndipo mtu mwaminifu humwacha mnyama na kupanda baiskeli yake. Mimi nilimnunua kwa bei ya kutupa, nikamkatakata, nikamkaanga, nikawauzia watu siku ya soko. Nilisema moto unaua kila kitu. Nilikuwa na kiburi na kidole changu. Watu waliniita niwasomee ndimi za nguruwe wao, na nilienda kama mwalimu anayeitwa kusahihisha mtihani.

Na kweli moto ungeua, kama ningeupa nafasi. Lakini nilikuwa na tabia ya kuonja chumvi. Nyama bado inatoa maji mekundu, mimi nimeshadokoa kipande, nimetafuna, nimesema, "Ongeza kidogo." Kila siku ya soko, kwa miaka.

Kama miaka miwili kabla hujaanguka mara ya kwanza, nilianza kuona vitu chooni. Vipande vyeupe, bapa, kama utepe uliokatwakatwa. Kimoja nilikikuta kwenye suruali. Nikajua ni tegu; nani asiyejua tegu? Nikaona haya. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, nimwambie nani kwamba nina mnyoo tumboni? Nikatafuna mbegu za malenge nikajidanganya nimepona. Nikakonda, nikazidi kula. Mama yako akasema, "Siku hizi unakula kama umetumwa," tukacheka wote wawili. Hakikuniuma kitu, Naliaka. Hiyo ndiyo shida yake. Kama kingeniuma ningekimbia hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mimi ni mwoga wa maumivu.

Choo chetu kilikuwa kimebomoka na mvua, nikasema nitachimba kingine msimu ukiisha. Msimu ukaisha, nikasema ujao. Maji ya kunawa yalikuwa kwa mtungi nyuma ya jiko na sabuni ilikuwa ya nguo. Mtu ana haraka, ametoka sokoni, ana njaa, na mtoto wake amekaa pale anamngoja.

Ulikuwa unaningoja kila jioni. Unakumbuka? Mama yako akipakua ugali, wewe hukugusa sahani yako mpaka nimege tonge la kwanza. Nilimega, nikalifinyanga vizuri mkononi, nikalitia kishimo kwa kidole gumba, nikachota mchuzi wa kunde, nikakupa. Ulifungua mdomo ungali unacheka. Ulisema tonge la baba ni tamu kuliko la sahani. Mama yako alisema nakudekeza, na ilikuwa kweli.

Desturi ile sikuianzisha mimi. Mama yetu alipougua miguu nikiwa mdogo, Nekesa aliacha shule darasa la nne akanilea. Hakuwa na mkate wa kunipa wala peremende, kwa hivyo alinipa tonge la kwanza, kila siku, kabla yeye hajala. Aliniambia mtoto anayepewa tonge la kwanza hajui kwamba chakula ni kidogo. Nilipokupata wewe nikafanya vile nilivyofanyiwa.

Sasa ile siku. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka mmoja kabla ya shule za bure, na ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nekesa alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa ndoa, bila mtoto, na alikuwa anakaa kwenye kile chumba cha pembeni akiuza karanga. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Alikukaangia karanga akakupa kwa kiganja. Ukala. Haikupita saa moja mkono wako wa kushoto ukaanza kucheza peke yake, ukaniangalia kama unayetaka kuniuliza kitu, ukaanguka juu ya magunzi.

Nilikutia kijiko mdomoni. Niliambiwa mtu wa kifafa hukata ulimi, nikalazimisha, nikalivunja lile jino lako la mbele. Hilo nalo ni langu. Waambie wenzako huko chuoni wakulaze ubavu, wasogeze mawe na viti, wasikutie chochote mdomoni, wangoje. Waambie siku ya kwanza. Usingoje mpaka waogope ndipo uwaeleze.

Watu walijaa ua. Hakuna aliyeuliza kama umeumia. Jirani yetu mmoja, mama mnene wa ng'ambo ya mto, aliuliza swali ambalo kwetu huulizwa kwanza: "Amekula kwa nani?"

Mama yako akatazama zile karanga zilizomwagika. Mimi nikatazama. Halafu wote tukamtazama Nekesa.

Mwanamke asiye na mtoto, amerudi kwao, anapenda mtoto wa mwenzake kupita kiasi. Hukumu ilikuwa tayari imeandikwa, ilikuwa inangoja jina tu. Ulipoanguka mara ya pili, na ya tatu, nikasimama mbele ya watu nikamwambia dada yangu, "Chukua vitu vyako. Mtoto wangu hatakula tena kwa mkono wako."

Hakulia. Aliniuliza, "Ni wewe umesema, Barasa, ama ni hao watu?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Sawa," akasema. "Nilitaka tu kujua nikienda naenda kwa sababu ya nani." Akafunga nguo zake kwa leso, akachukua karai lake la karanga, akaenda. Tulisikia baadaye kwamba yuko Suam, anauza vitunguu kwa wanaovuka mpaka.

Kama angekuwa mchawi wewe ungepona, si ndiyo? Alienda, na wewe ukaendelea kuanguka. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu na hatukuliona. Mama yako alisema uchawi wake una miguu.

Mwaka uliofuata nikakuleta hapa Kitale kwa daktari mmoja mwanamke, mpole, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Akatutuma Eldoret ukapigwe picha ya kichwa. Picha ilipotoka nilirudi nayo kwake peke yangu. Mama yako alikuwa amebaki nawe. Aliinua ile plastiki nyeusi kwenye taa, akaanza kunieleza, na mimi sikumsikia tena. Niliona vipunje. Vyeupe, vidogo, vimetawanyika ndani ya kichwa cha mtoto wangu. Nilikuwa nimevipapasa kwa kidole gumba maisha yangu yote. Hakuna mtu duniani aliyehitaji kuniambia vile ni nini.

Nikasema, "Huo ni mchele."

Akashangaa. "Umejuaje? Wafugaji wengine huuita hivyo." Halafu akauliza, "Huyu mtoto anakula nguruwe?"

Nikapata nguvu. Nikamwambia hajawahi, mama yake hataki hata jina lake, basi picha yako imekosea, daktari.

"Haijakosea," akasema. "Nisikilize, baba. Mtu akila nyama yenye mchele, haijaiva, anapata tegu tumboni. Hilo tegu linataga mayai, mayai yanatoka na choo. Mtu huyo asiponawa vizuri, yanabaki kwa kucha, yanaingia kwa chakula cha mwingine. Kwa huyo mwingine hayageuki kuwa tegu. Yanasafiri na damu, yanakaa kwa nyama yake, kwa macho, kwa ubongo." Akagusa kipaji cha uso wake kwa kalamu. "Kwa hivyo mtoto hahitaji kula nguruwe. Anahitaji kulishwa na mtu mwenye tegu. Sasa nisaidie. Huyu mtoto anakula kwa mkono wa nani?"

Ni swali lilelile, Naliaka. Lilikuwa limeulizwa uani kwetu mbele ya kijiji kizima, na lilikuwa swali la haki. Jibu ndilo tulilokosea.

Nilitazama mikono yangu. Alinipa viberiti vitatu vitupu tulete choo cha kupimwa, chako, cha mama yako na changu; nyumbani nilisema wanapima minyoo tu. Mama yako alikuwa safi. Wewe tumboni ulikuwa safi. Cha kwangu hakikuhitaji hata kupimwa. Nilimeza dawa mara moja tu, vidonge vichache na maji, na ikawa imekwisha. Miaka ya kujificha, na dawa yake haikumaliza hata asubuhi moja. Kwako wewe haikuwa hivyo. Vile vipunje vingine vilikuwa vimeshakauka, na daktari akasema kovu la kichwani halifutiki, utameza vidonge vya kuzuia kuanguka kwa muda mrefu, pengine daima.

Akaniambia, "Usijilaumu. Hukujua."

Nilimshukuru. Lakini vile vipande nilikuwa nimeviona miaka miwili, na nilivifukia kwa mguu.

Nilipofika nyumbani mama yako aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia ni kovu la homa ya utotoni. Akanitazama akasema, "Wao hawawezi kuona kazi ya Nekesa kwa picha." Mwanangu, pale palikuwa na nafasi. Palikuwa na nafasi pana ya mtu kusema neno moja. Nikasema, "Labda."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa mama yako ataondoka nawe. Niliogopa wanaume wa sokoni watanicheka mpaka kaburini, yule fundi wa ndimi. Lakini sababu kubwa ni mbaya kuliko hizo: palikuwa tayari na mtu wa kulaumiwa, ameshaenda, hayupo wa kujitetea, na mzigo ulikuwa umeshamkaa mgongoni. Ningeutoa kwake ningeubeba mimi. Nikauacha palepale.

Nikaacha nguruwe. Nikauza baiskeli, tukahamia Kitale, nikapata kazi ya kupima mahindi ghalani. Mama yako alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amejibu maombi yake, mumewe ameacha kile kitu najisi. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma. Tangu siku hiyo siingii kanisani, na yeye hufikiri ni shingo ngumu tu. Wali pia siuli, unadhani siupendi. Kila Krismasi unanitania, "Baba, mchele umekukosea nini?" na mimi nacheka.

Halafu kuna mazishi ya nyanya yako, mama yangu; nakuita mama kwa sababu una jina lake. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nekesa alikuja kutoka Suam kumzika mama yake mzazi. Baada ya kaburi kufunikwa alienda jikoni kwa wanawake, kama binti wa nyumba afanyavyo, akachukua kisu amenye viazi. Mmoja wao alimtoa kile kisu mkononi taratibu. "Dada, wewe kaa tu. Hapa kuna watoto."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nimebeba viti. Nekesa aligeuka akanitafuta kwa macho. Alinipata. Neno moja tu lilihitajika, hata "mwacheni". Nikavitazama vile viti, nikavihesabu, nikavipeleka nilikokuwa navipeleka.

Wewe ulimpelekea chai. Mama yako akakuita, "Naliaka! Rudi hapa!" Ukarudi na kikombe kikiwa kimejaa. Yeye akaketi kidogo kwenye gogo, na leso yake mapajani, halafu akaondoka jua likiwa bado juu. Hakula chochote katika matanga ya mama yake. Mtu aliyeninyima njaa kwa tonge lake mwenyewe aliondoka kwetu na njaa.

Sina hekima ya kukupa, Naliaka. Ninalo hili tu. Ukiona kitu mwilini mwako usichokielewa, kiseme siku hiyohiyo, hata kama kinatia aibu, hata kama watacheka. Mimi niliogopa kicheko cha siku moja. Na siku watu wakikuletea mkosaji aliye tayari, na moyo wako ukasikia nafuu, iogope ile nafuu.

Asubuhi nilikuwa nimeandika barua nyingine, ya Nekesa. Nilitaka uipitishe Suam, umpe mkononi, uendelee na safari yako. Ndiyo maana nikang'ang'ania ile njia. Nimeisoma tena sasa hivi nikaona ninachokifanya: nataka wewe, mgonjwa wa mkono wangu, ubebe tena kitu changu mkononi ukampe aliyelaumiwa kwa ajili yangu. Nimeichana. Kuku wanadonoa vipande vyake hapo nje.

Kesho nitaenda nawe mpaka Suam. Ukinikuta nimevaa koti usiniulize. Wewe utaendelea mpaka Mbale; mimi nitabaki sokoni nimtafute anayeuza vitunguu, nimwambie mbele ya wateja wake, kwa sababu nilimfukuza mbele ya watu. Kisha nitarudi Bokoli niseme palepale uani. Pengine Nekesa atanipa kiti. Pengine atanimwagia maji machafu. Yote ni haki yake na sitampangia. Wewe usimhurumie kwa ajili yangu wala usimwombe anisamehe. Msalimie kwa sababu ni senge yako. Akikupa karanga, kula.

Mama yako nitamwambia leo, mkitoka kanisani, kabla hajavua kitambaa cha kichwa. Sijui itakuwaje. Nimeoa mwoga, atasema, na itakuwa amekosea sarufi lakini si ukweli. Akitaka kukusindikiza yeye na mimi nifuate nyuma, nitafuata nyuma.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hatujala. Halafu kuna kitu kimebaki.

Mwaka ule niliotoka kwa daktari, uliketi jioni ukaningoja kama kawaida. Sikumega. Ukangoja jioni ya pili, na ya tatu. Ukaniuliza, "Baba, mbona siku hizi hunipi tonge?" Nikakujibu umekuwa mkubwa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ni wakati uleule shuleni walikuwa wamekutengea kikombe chako na dawati lako, wakisema kifafa huambukizwa kwa mate. Nikakuona unachukua sahani yako, unaenda kukaa karibu na mlango, mbali na sisi, bila kuambiwa na mtu. Nilijua unachofikiria. Nilijua, na nikakuacha uendelee kufikiria hivyo, kwa sababu kukurekebisha kungenilazimu kusema yote haya. Daktari alikuwa ameniambia nimepona, naweza kukulisha. Sikuweza.

Nawasikia barabarani, wewe unacheka kitu. Nitaenda kunawa. Leo kuna ugali na kunde, mama yako alizichambua jana kabla ya Sabato kuingia. Nitamega tonge la kwanza niliweke ukingoni mwa sahani yako, na usilile kwa kunionea huruma. Ukiliacha hapo sitauliza kitu, nitajua umenisoma. Lakini usiondoke kesho na lile jibu la uongo nililokupa. Miaka hii yote ulikaa mlangoni ukidhani baba yako anaogopa mate yako. Nilikuwa naogopa mkono wangu, mama.

Baba yako,
Barasa